Manjano Kuanzia Mstari wa Tisa

Saa mbili na nusu asubuhi, mahindi ya karibu na nyumba yalikuwa yamepita magoti na rangi yake ilikuwa kijani iliyokolea. Hayo hayakuwa na neno. Neno lilianzia mstari wa tisa, na bibi shamba aliliona kabla hajashuka kwenye pikipiki: kutoka pale hadi ukingoni, shina refu lilisimama kando ya fupi, la kijani kando ya la manjano, na hapa na pale palikuwa na pengo tupu, mfano wa kinywa kilichong'oka meno.

Watu wa eneo lile walimwita Rula. Walisema hata chumvi ya mboga huipima kabla ya kuitia. Jina hilo lilikuwa limemfikia zamani na hakuliona kuwa tusi. Kazi yake ilikuwa kujua kwa nini mmea unaumwa, na katika kazi hiyo alikuwa ameona watu wengi wakimtaja jirani, mchawi au Mungu kabla hata mtu mmoja hajashika jembe akachimba.

Mwenye nyumba alikuwa fundi seremala. Alimpokea penye rundo la mbao uani, penseli sikioni, vumbi la msumeno likiwa limemganda kwenye nyusi. Salamu zilikuwa fupi.

"Sikukuita uniandikie dawa," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Mbolea ya kupandia iliingia ardhini au haikuingia?"

"Kwa nini isiingie?"

Seremala aliangalia mlango wa jikoni. "Kuna watu wanasema ilitolewa."

"Watu ndio mimi," ilisema sauti kutoka ndani, na dada yake akatoka akijifuta mikono. Alikuwa mjane aliyerudi kukaa kwa kaka yake, mwanamke mnene mwenye mdomo mwepesi. "Sina haja ya kufichwa nyuma ya mlango. Siku ya kupanda niliwapelekea chai shambani, nikamkuta wifi yangu ameinama anachota mbolea kwenye mashimo, anaitia kwenye upindo wa kitenge. Kwa macho yangu haya. Nikampigia kelele, mama naye akageuka, akamwona. Haya, tazama shamba lilivyo. Ukurutu mtupu."

"Yeye alisema nini?"

"Hakutia wala kutoa neno. Angesema nini?"

Seremala alikuwa akikwangua gundi kwenye kucha. "Ukiniambia mbolea haikuingia," alisema, "leo hii mke wangu anarudi kwao. Nimeshamwambia. Sitaki maneno ya watu, nataka neno la mtaalamu."

Bibi shamba hakupenda kufanywa hakimu. Jani la mhindi halijui nani ni mke wa nani. Lakini swali lenyewe lilikuwa swali la haki, lenye jibu, na jibu lilikuwa chini ya udongo. Alichukua jembe dogo kwenye mfuko wa pikipiki akaingia shambani.

Alianza na sababu nyingine zinazowezekana ili aziondoe njiani. Alifungua mioyo ya mimea kumi na kitu, ya manjano na ya kijani, akatafuta viwavi na vinyesi vyao. Hakuna. Aliangalia kama majani yana michirizi ya ule ugonjwa unaoletwa na wadudu wa kunyonya. Hakuna. Alishika udongo penye mwinuko na penye bonde. Unyevu ulikuwa mmoja. Kisha akaliangalia jani lenyewe. Manjano ilianzia kwenye ncha ya majani ya chini na kushuka katikati, ikifuata uti wa jani, huku kingo za baadhi ya majani zikiwa na rangi ya zambarau. Mmea wa namna hiyo una njaa. Haujalishwa tangu ulipozaliwa.

Kwa hiyo dada mtu alisema kweli, kwa nusu.

Akachimba kwenye pengo. Punje ilikuwepo. Ilikuwa imevimba, imetoa mzizi wa urefu wa kucha, na mzizi huo ulikuwa umekauka na kuwa mweusi kama kijiti cha kiberiti kilichowashwa. Chini yake palikuwa na tabaka gumu jeupe. Alilivunja kwa vidole, akalisugua, akanusa. Ilikuwa mbolea, na si kidogo. Pale palipopaswa kuingia kizibo kimoja cha soda viliingia vitatu, labda vinne. Alichimba pengo la pili na la tatu akakuta hali ile ile, na kila baada ya pengo yalifuata mashina ya manjano, matatu, manne, wakati mwingine saba, ambayo chini yake hapakuwa na hata chembe.

Mwizi hafanyi hivi. Mwizi angechota pale palipojaa.

Alikuwa bado amepiga magoti aliposikia mtu akimsalimia. Alikuwa mama yake seremala, bibi aliyenyooka mgongo, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, fimbo mkononi ambayo hakuiegemea. Shamba lilikuwa lake. Katika nyumba ile mbolea ilishikwa na mwenye shamba peke yake: yeye hutangulia na bakuli na kizibo, mkwe wake humfuata nyuma akitupia udongo kidogo, kisha mbegu, kisha kufukia. Ndivyo mama mkwe wake yeye alivyofanya enzi zake, na hakuwahi kumwachia mtu bakuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeshapata mume, au bado unapima?"

Bibi shamba alicheka. "Bado napima, mama."

"Usipime sana, wataisha." Bibi akaliangalia shamba bila wasiwasi. "Mwaka huu mbegu mbaya. Zamani hatukuwa na mbegu za kudeka hivi." Aliuliza habari za barabara, akauliza kama ofisi yao imeezekwa paa. Kisha akasogea karibu, macho yakimetameta kwa utani. "Hebu niambie, umeshapata mume, au bado unapima?"

Bibi shamba alimtazama. Sauti ilikuwa ile ile, na kicheko kilikuwa kinangojewa pale pale.

"Bado napima, mama," alisema.

"Usipime sana, wataisha."

Yule bibi alipoondoka, bibi shamba alimwita dada mtu aje amwonyeshe mahali alipomkuta wifi yake siku ile. Dada mtu alikuja haraka, akaonyesha bila kusita. Ilikuwa penye kisiki, mstari wa tisa, hatua chache kutoka mwanzo.

"Una hakika?"

"Chai niliitua juu ya kisiki chenyewe. Na tangu hapo sikuondoka. Nilikaa nikimlinda mpaka wakamaliza shamba lote. Hakugusa tena hata punje."

Alisema hivyo kwa fahari. Bibi shamba aliangalia upande wa nyumba, mistari minane sawasawa, kisha upande wa pili, kuanzia kisiki. Alichimba mara mbili kwenye mstari wa nane, kwa kutimiza wajibu tu. Tayari alikuwa anajua.

Mke wa seremala alimletea maji kwenye kikombe cha bati. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sura, na alingoja mpaka wifi yake ameingia ndani ndipo akasema.

"Dada, umeona nini?"

"Mistari minane ulikuwa unapunguza palipozidi na kuongeza palipokosa. Ulipofokewa ukaacha."

Mwanamke hakukana. Alikiangalia kikombe. "Waambie ni wadudu."

"Si wadudu."

"Najua si wadudu. Ninyi mna majina mengi ya wadudu, huwezi kukosa moja. Wakinirudisha kwetu nitarudi, kwetu hawatanifukuza. Lakini mama ukimwambia mbele ya watu kwamba mkono wake umepotea, atakufa akiwa hai. Bakuli lile ndilo lililobaki. Chumvi natia mimi, funguo nimezichukua kijanja. Mwanawe hajui. Anatoka na mbao asubuhi, anarudi jioni, mama anamwambia utani, anacheka, analala."

"Na ikiwa hatajua, nani atamwangalia ukiondoka?"

Mke wa seremala alipokea kikombe. "Mimi nimekuomba wadudu," alisema. "Hayo mengine sikukuuliza."

Bibi shamba alibaki ameshika jembe. Angeweza kumwita seremala pembeni na kumweleza. Ingekuwa neno lake dhidi ya macho ya dada mtu, na katika nyumba ile macho yalishaaminiwa mara moja. Mashina ya manjano yalihitaji mbolea ya kukuzia wiki hiyo hiyo, na mfuko ulikuwa stoo. Aliamua waone wenyewe.

Seremala alileta mfuko. Dada mtu alikuja na jagi la maji. Bibi shamba alieleza kwamba kwa leo wataanza mstari mmoja, ule wa kumi, kizibo kimoja kila shina, pembeni kidogo ya mzizi. Akampa mama bakuli.

"Mama, jua kali," mke wa seremala alisema. "Kaa kivulini, nitafanya mimi."

"Jua hili nalijua tangu hujazaliwa," bibi alijibu, akapokea bakuli.

Alianza vizuri. Alichota, akasawazisha kwa kidole gumba, akamimina, akapiga hatua. Mkono ulikuwa mwepesi kuliko wa kijana. Shina la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Seremala alianza kulegea mabega. Kisha muuza vyombo alipita barabarani akapiga kengele ya baiskeli, akasalimia. Bibi aligeuka, akaitikia, akamtania kuhusu tairi lake. Aliporudi kwenye mstari alimimina kwenye shina la nne tena. Akalitazama. Akachota, akamimina tena pale pale, akasawazisha kwa kidole gumba kwa uangalifu ule ule. Akapiga hatua tano za haraka, akiyapita mashina matano, akaanza upya.

Jogoo aliwika uani. Bibi alisimama mara ya pili, sasa bila mtu kumwita, akaangalia ndani ya bakuli kana kwamba kuna kitu alichoagizwa humo, na shina lililokuwa mbele yake likapata vizibo vitatu.

Hapo mke wa seremala aliinama. Mbolea ilikuwa imelala juu ya udongo, na vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Alizoa iliyozidi, akaitia kwenye upindo wa kitenge, akarudi nyuma penye mashina yaliyorukwa akayagawia moja moja. Dada mtu alimtazama tangu mwanzo hadi mwisho. Jagi lilikuwa limeinama mkononi mwake na maji yalikuwa yanamwagika kwenye miguu yake.

Bibi aligeuka. "Wewe! Unafanya nini na mbolea yangu?"

"Naokota, mama," mkwe wake alisema.

"Weka chini. Nani kakuruhusu?"

Seremala alikwenda akachukua bakuli. Mama yake hakuliachia mara moja. Walishikana nalo kwa muda, mtu na mama yake, mpaka mama akalegeza vidole, akauliza kwa sauti ya kawaida kama chai iko tayari. Dada mtu alimshika mkono wakaelekea nyumbani.

"Mbolea iliingia," bibi shamba alimwambia seremala, kwa kuwa hilo ndilo alilouliza. "Yote iliingia. Haya ya manjano yatalishwa leo na kesho, yatainuka kiasi, mavuno yatakuwa nusu. Mapengo yaache, kurudishia sasa umechelewa. Na mama apelekwe hospitali, sijui watasema nini, lakini apelekwe."

Seremala alitikisa kichwa kukubali. Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama mkewe, aliyekuwa anakung'uta kitenge, na alichukua muda kumfikia ingawa palikuwa hatua chache.

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

"Dada alisema amekuona..."

"Ndiyo, dada alisema. Ukamwuliza dada. Ukamwuliza mama. Leo umemwita mtaalamu na pikipiki yake, umeyauliza mahindi." Hakupandisha sauti. "Wiki tano tangu tupande tunalala kitanda kimoja, baba. Ungenigeuzia uso tu, ukasema, mke wangu, ulikuwa unafanya nini? Ningekwambia."

"Nimekosa. Nisamehe, tuingie ndani."

"Asubuhi ulisema nirudi kwetu."

"Nilisema kama haikuingia."

"Nilisikia ulivyosema."

Bibi shamba alikwenda kufunga jembe kwenye pikipiki. Ilimchukua muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu kamba ilikuwa na fundo na yeye hakutaka kugeuka. Alimsikia seremala akizungumza, akinyamaza, akizungumza tena. Alimsikia mkewe akipiga simu, akimwelekeza mwenye bodaboda apite njia ya mashine ya kusaga.

Mke wa seremala aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amebadili nguo na kushika mfuko mmoja. Mlangoni alisimama mbele ya mama mkwe wake aliyekuwa anakunywa chai, akampa shikamoo, akamfunga vizuri kitambaa kilichokuwa kimelegea kichwani. Bibi alimuuliza anakwenda wapi na mstari haujaisha. Alijibu kwamba anakwenda mara moja. Dada mtu alimwita, "Wifi," kisha tena, "Wifi, jamani," akimfuata hadi penye mbao.

Bodaboda ilifika. Seremala alishika mfuko kama anayetaka kuuzuia, kisha akaufunga nyuma ya kiti kwa mpira, akaukaza vizuri usije ukaanguka njiani. Mkewe alipanda. Pikipiki ilishika njia, ikapita kwenye mashine ya kusaga, ikakata kona.