Mfereji Unaongoja Mgeni

Kila asubuhi Mama Reine na wenzake walifagia mfereji mpya wa simenti, huku mpunga wake ukinyauka pembeni. Maji ya mto yalikuwa pale juu, nyuma ya mlango wa chuma uliofungwa.

"Papa Pontien, fungua hata kidogo," alimsihi mkubwa wa komite ya mfereji.

"Yatachafua simenti, Mama. Tungoje mgeni atoke Kalemie, akate utepe kwanza."

Mgeni alichelewa mwezi mzima. Siku alipokata utepe, mlango ukafunguliwa, maji yakashuka mbio mpaka shambani kwa Mama Reine, yakakuta majani makavu.

"Mama," mgeni akashangaa, "tumekuletea maji, mbona hukupanda?"

"Nilipanda, Papa," akajibu, ufagio mkononi. "Mpunga ndio uliokosa adabu. Ulikataa kungoja wageni."