Skrubu ya Mia Mbili Ishirini

Mama mkwe wa fundi alikuwa mkata vitambaa katika kiwanda kilekile cha nguo alikofanya kazi yeye kama fundi umeme, na kila siku wimbo ulikuwa mmoja: "Mwanangu, kwa giza hili nitakuja kujikata vidole."

Taa za darini zilikuwa zile kubwa za gesi, ambazo haziwaki bila choki, koili nzito inayoubana umeme usiiunguze taa. Kila choki ilikuwa na skrubu tatu za kufungia waya wa umeme: ya volti mia mbili ishirini, ya mia mbili arobaini na ya mia mbili hamsini; namba ikiwa ndogo, choki hubana kidogo na taa huwaka zaidi. Transfoma ilikuwa pale pale uani, umeme ukiingia na nguvu zake zote, kwa hiyo waya ulistahili skrubu ya mwisho. Fundi alijua. Lakini mkwe hakataliwi. Akauhamishia kwenye skrubu ya kwanza, choki baada ya choki, na ukumbi ukang'aa. Washonaji wakapiga vigelegele. "Mkwe wetu kaleta jua ndani!"

Sifa zikamlevya. Balbu zilipoanza kuingia weusi na kufa, alibadilisha tu, kimyakimya. Choki zilipotoa harufu ya kuungua, akasema ni vumbi.

Asubuhi moja lami inayojazwa ndani ya choki iliyeyuka kwa joto, ikamdondokea mama mkwe mkononi. Fundi akamkimbiza zahanati. "Mungu akuweke, mwanangu," mama alisema huku akifungwa bendeji. Fundi akaangalia sakafu.

Waliporudi walimkuta meneja akimfokea mtunza stoo. "Umetuletea choki feki! Kusanya virago vyako!" Mzee wa watu akaanza kukusanya vitu vyake. Fundi akawapita kama haoni. Alipofika mlangoni akageuka, akarudi.

"Bosi, choki ni nzima. Mimi ndiye niliyefunga waya pasipo pake. Na nilijua."

Meneja akamrudisha mzee stoo, akamwamuru fundi azirekebishe choki zote, kisha aende nyumbani akasubiri kuitwa.

"Kumbe," mama mkwe akasema taratibu, "njia nzima nakuombea dua, na wewe umenyamaza."

Fundi akaenda kwenye dirisha la stoo kuchukua choki ya kuweka badala ya iliyoungua. Mtunza stoo akaisukuma juu ya kaunta bila kumtazama.

"Nisamehe, mzee."

Dirisha likafungwa. Fundi akachukua bisibisi, akapanda ngazi.