Blauzi Nyekundu ya MaMpinga

Alhamisi ile MaMpinga hakuvaa blauzi yake nyekundu ya umoja wa akina mama. Aliikunja pamoja na kola yake nyeupe, akaitia mfukoni, akashuka kilima kwenda kanisani. Alikwishakata shauri: ataikabidhi kwa mama kiongozi kabla ya Jumapili ya Agano, siku waumini husimama kurudia ahadi yao kwa Mungu. Siviwe, mwanawe aliyemwomba kwa Mungu kwa kufunga na kulia, alizikwa majira ya baridi, na tangu hapo MaMpinga akipiga magoti huchezesha midomo tu. Angesimamaje Jumapili aseme, "Mimi ni wako," na moyo umekauka?

Mlangoni akamkuta MaDlomo, jirani ambaye ng'ombe wake walimmalizia mahindi mwaka jana. Hawajasalimiana vizuri tangu siku hiyo.

"He, dada! Blauzi iko wapi? Imeliwa na panya?"

"Iko mfukoni. Nairudisha."

"Unairudisha? Kwani uliazima?"

MaMpinga akampita, akaingia ndani.

Wimbo ulipokwisha, wanawake walipiga magoti, na kama desturi yao ilivyo, kila mmoja akaomba kwa sauti yake, wote kwa pamoja, mpaka mabati yakatetemeka. Safari hii MaMpinga hakuchezesha hata midomo. Alinyamaza. Na kwa kuwa alinyamaza, akawasikia wenzake.

"Mshike MaMpinga, Baba," sauti ilitoka mbele.

"Midomo yake inacheza bila neno, tumeiona. Sisi tunamsemea," nyingine ilitoka upande wa dirisha.

Na hapo ubavuni mwake, MaDlomo, jasho likimtiririka: "Bwana, ulimwambia yeye ni wako! Hukusema mpaka atakapochoka. Yeye akikuachia mkono, Wewe usimwachie!"

MaMpinga akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Kumbe miezi yote ile aliyokuwa bubu mbele za Mungu, jina lake lilikuwa likifika kila Alhamisi. Aliogopa kuinua macho, kana kwamba Aliyekuwa akiombwa amesimama pale pale, karibu na viatu vyake.

Kengele ikalia, sauti zikakatika. MaMpinga akaitoa blauzi, akaivaa juu ya gauni lake, akaifunga harakaharaka.

"Umekosea vifungo, dada," MaDlomo akanong'ona.

"Basi nifungie wewe."

MaDlomo akamfungia kimoja kimoja, akamnyoosha kola, kama siku ile MaMpinga alipovikwa blauzi hiyo mara ya kwanza.

"Mimi ni wako," MaMpinga akasema, na si kwa MaDlomo.