Namba ya Mwalimu Alois

Anastasia alipanda mpaka makaburini na jembe begani. Arobaini ya baba yake ilikuwa imetimia, na ndugu walikuwa wamekaa kwenye majani wakisubiri kaburi limalizwe kusakafiwa. Fundi Sufiani, aliyeletwa kutoka Morogoro mjini, alikuwa amechuchumaa na msumari mkononi, akinakili kwenye saruji mbichi maneno ya karatasi aliyopewa na Ignas, mdogo wake Anastasia.

27917287411. Namba hiyo kila mtu kule juu aliijua. Chini yake Sufiani alikuwa ameshaandika NAMBA TASA na alikuwa anaanza neno HAIGAWANYIKI.

"Fundi, acha hapo hapo," Anastasia alisema.

Marehemu Mwalimu Alois aliibuni namba ile ubaoni siku moja, akakosa usingizi kwa kutaka kujua kama ni tasa, yaani kwamba hakuna namba inayoigawa bila baki ila moja na yenyewe. Kujaribu peke yake kungemzeesha kabla ya wakati, basi akawatumia wachelewaji. Mtoto aliyechelewa shule hakuchapwa. Alipewa namba tasa moja ndogo, aigawe ile kubwa kwa hiyo, baki aliandike kwenye daftari. Na watoto wa milimani wanaovuka makorongo mawili kabla ya kengele, watakosaje kuchelewa? Wakaanza na mbili, tatu, tano, saba, wakaenda mpaka maelfu. Alipostaafu, mzee akaendelea mwenyewe. Miaka mitatu kabla ya kufa akafika laki moja na elfu sitini na saba na themanini na nne, na zaidi ya hapo hapakuwa na haja, maana namba yoyote kubwa kuliko hiyo ikiigawa ile lazima iwe na mwenzake mdogo, na wadogo wote walikuwa wameshajaribiwa. Akachinja mbuzi. Kijiji kizima kikala. Anastasia hakutia hata kipande mdomoni.

Alijua tangu akiwa darasa la saba. Siku moja alipokuwa akisubiri ndoo yake ijae kisimani, aliigawa namba ile kwa kumi na tatu, kwa kijiti, kwenye udongo. Haikubaki kitu. Akarudi nyumbani mbio, ameiacha ndoo, akamwambia baba yake mbele ya wageni. Mwalimu akafungua daftari. Kumi na tatu: baki tano. Mwandiko wa Ignas, wa darasa la tano.

Mwalimu Alois alikagua kazi ya kila mtoto wa mwenzake mara mbili. Ya mwanawe hakuikagua. Kofi alilompiga Anastasia lilimziba sikio mpaka Jumapili. "Unamwita mdogo wako mwongo? Asiyejua kugawa akapalilie kabichi!" Na kweli, majina ya waliofaulu kwenda sekondari yalipotoka, la kwake likiwemo, mzee alikataa kumpeleka. Miaka thelathini na moja sasa, Anastasia yuko kwenye kabichi. Ignas alisoma, ni mhandisi wa barabara, na leo alikuwa amevaa viatu vinavyong'aa juu ya udongo mwekundu.

"Dada, si leo," Ignas alisema kwa sauti ya chini. "Watu wanatutazama."

"Watutazame. Mwandikieni marehemu sala, mwandikieni shairi, sitasema neno. Uongo ulionitoa shule hauandikwi kwenye saruji nikiwa hai."

"Dada Anastasia, mimi niandike nini?" Sufiani aliuliza. "Saruji hainisubiri."

Anastasia alimnyang'anya msumari, akamshikisha Ignas. "Gawa."

"Sasa hivi?"

"Kwani siku ile ulihitaji muda gani? Gawa kwa kumi na tatu, kwa sauti, bibi zako wasikie."

Ignas aliwatazama watu, akaona hakuna wa kumwokoa. Akapiga magoti pembeni ya kaburi. "Kumi na tatu kwenye ishirini na saba, mara mbili, baki moja. Kwenye kumi na tisa, mara moja, baki sita." Msumari ulikwenda kwenye udongo tarakimu kwa tarakimu, na wanafunzi wa zamani wa Mwalimu, watu wazima wenye mvi sasa, wakawa wanahesabu naye midomoni, mpaka zikabaki tarakimu mbili za mwisho. "Kwenye sitini na moja, mara nne, baki tisa. Kwenye tisini na moja..."

Msumari ukasimama.

"Malizia," Anastasia alisema.

"Mara saba. Baki sifuri."

Hapo Anastasia alidhani moyo wake utatua. Haukutua. Ulizidi kuchemka, kwa sababu uso wa mdogo wake haukuwa na mshangao hata kidogo.

"Ulikuwa unajua."

"Niliitwa mpirani," Ignas alisema, akitazama chini. "Sikuigawa kabisa. Niliandika tano tu. Ulipopigwa kofi niliogopa, Dada. Nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa mtoto siku hiyo. Je, uliponiaga kwenda sekondari? Ulipohitimu chuo? Mbuzi alipochinjwa, ukasimama ukampongeza mzee, napo ulikuwa mtoto?"

Shangazi mmoja alijaribu kusema kwamba marehemu atachekwa. Anastasia alimjibu kwamba marehemu hasikii, na aliyechekwa miaka yote hiyo yupo hapa na masikio yake yote mawili.

Kisha akamgeukia fundi. "Futa hayo maneno. Namba ya baba iache. Chini yake andika: kumi na tatu mara 2147483647."

Sufiani alipitisha mwiko, akaandika. Watu waliitwa kula, wakashuka mmoja mmoja. Ignas alishuka wa mwisho, akigeuka nyuma mara kwa mara. Anastasia hakuwafuata. Alisimama pale na jembe lake mpaka saruji ikakauka, asije mtu akaifuta.