Transfert ya Mama Jamila

Kwetu Alunguli, ng'ambo ya mto hapa Kindu, ukuta wa nyumba yangu na ukuta wa Mwanahamisi ni mmoja. Akikohoa, mimi namwambia pole nikiwa kitandani kwangu. Kwa hiyo mtu asije akasema kwamba mimi Germaine niliokota habari hizi njiani. Nilizisikia ukutani, na pale ukuta uliponinyima, nilijifunga liputa, kitenge changu, nikaingia kusikiliza vizuri.

Mwanahamisi, tunayemwita Mama Jamila, ana mtoto mmoja tu. Huyo Jamila anafanya kazi katika meli ya watalii, zile meli zenye ghorofa kama hoteli, zinazozunguka baharini na watu ndani wakila na kulala. Tangu alipovuka mpaka kwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, mama yake hajamtia machoni ila kwenye simu. Mwaka huu wakubwa wa meli wakampa ruhusa ya kumwalika mzazi asafiri naye kama mgeni, chumba na chakula juu yao. Meli ingeng'oa nanga Durban. Safari hiyo moja tu, kwa sababu ikiisha, meli inatoka maji ya Afrika inaenda Ulaya, na Jamila alikuwa amekwisha kutia sahihi kwenda nayo. Mama akiikosa, basi tena, Mungu njo anajua mpaka lini.

Viza ilitoka. Pasipoti ilitoka. Ikabaki ndege, na ndege njo ilitugombanisha.

Siku ile Jamila alituma ujumbe wa sauti, na Mwanahamisi akaweka simu juu ya meza, sauti ameifungua yote, ili na mimi nifaidike.

"Mama," Jamila alisema, "kampuni ya meli inaweza kukununulia tiketi, kutoka Kinshasa mpaka Durban. Ukichukua ya kwao, hauchagui siku, hauchagui njia. Utafika asubuhi ya siku ile ile meli inaondoka. Lakini ndege ikichelewa, ni kazi yao kukufikisha kwenye meli, hata kama ni bandari ya mbele. Ukijinunulia mwenyewe, unapita unapotaka, lakini ukichelewa meli inaenda. Shauri yako. Tena kwa tiketi yao transfert iko ndani. Usiogope, mama. Transfert iko tayari."

Yeye alitaka kusema gari la kumtoa uwanja wa ndege mpaka bandarini. Watu wa safari huko njo wanaita hivyo. Lakini hapa Kindu, transfert tunayoijua ni moja. Daktari akishindwa na wewe, anaandika karatasi upelekwe hospitali kubwa, Goma ama Kinshasa, na ndugu zako wanaanza kuuliza nani ataenda na wewe na nani atabaki kushika nyumba. Na wengi waliokwenda na transfert, tuliwapokea uwanja wa ndege tukiwa tumevaa nguo nyeusi.

Sasa pale mlangoni alikuwa amesimama Ayoubu, yule wa pikipiki ya taxi-moto, ameleta gunia la makaa. Mwanzo wa maneno hakuusikia. Alisikia mwisho. Akatua gunia polepole kama mtu anayetua mtoto mchanga, akaondoka bila kudai hata maji ya kunywa. Mimi nikajisemea, huyu leo ana adabu ya wapi?

Kabla sombe yangu ya majani ya muhogo haijaiva, nyumba ilijaa.

Walitangulia mama wa kanisani kwangu, na soda za sucré na sabuni. Wakafuata wamama wa msikitini, na mchele na dua. Mmoja akamshika Mwanahamisi mkono, akamtazama ndani ya macho kama anatafuta homa.

"Pole sana, dada. Inauma wapi?"

"Nani anaumwa?"

"Usifiche, mama. Sisi ni bantu ya nyumba. Ni tumbo? Ni moyo?"

"Mimi mwenyewe niko muzima!"

"Njo vile banasemaka," yule mama akatugeukia sisi wengine kwa huruma. "Hata marehemu baba yangu alikuwa anasema vile."

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Mwanahamisi naye, alipofahamu, alicheka huku anajifuta macho, halafu akawasha simu tena, akairudia sauti ya Jamila tangu mwanzo ili wote wasikie. Ayoubu akaitwa. Akaja na kofia ya pikipiki mkononi, kichwa chini.

"Weye kinywa," nikamwambia, "ungekuwa redio tungekuzima."

"Mama Germaine, kama kuna redio humu ndani, haiko mimi!"

Watu wakapiga makofi. Na sijui kama kwenu ni hivyo, lakini kwetu mtu akishakuja kuona mgonjwa, harudi kwa sababu mgonjwa hayupo. Walikaa. Walikula. Na kwa kuwa walikuwa wameketi na shauri lilikuwepo, kila mmoja akatoa lake.

Mbele ya wote alikuwa Hamadi, kaka mkubwa wa Mwanahamisi, anayeuza samaki wa kwao Lokandu, aliyefika Kampala mara moja na hajaacha kutuambia.

"Dada yangu, sikiliza," alisema. "Tiketi ya kampuni ni kamba shingoni. Unafika asubuhi, meli jioni. Mvua ikinyesha kidogo tu, umekwisha! Miye nakununulia tiketi mwenyewe. Unatoka hapa mpaka Goma, Goma mpaka Kigali, Kigali mpaka Johannesburg, Johannesburg mpaka Durban. Unafika siku nyingi mbele. Kule iko Djuma, mutoto wa Lokandu, atakupokea, utakula bugali, utapumzika, siku ya meli unaenda kama malkia."

Wengi wakaitikia. Hata mimi niliona anasema kweli. Kufika mapema na kulala kwa mtu wa kwenu, nani anakataa?

"Na kama ndege ya Goma haikuja?" Mwanahamisi akauliza.

"Tunangoja ya kesho."

"Na ile ya Kigali itaningoja?"

Hamadi akatazama sahani yake. "Ile ni ya bantu wengine."

"Na ya Johannesburg?"

"Nayo ya wengine."

Mwanahamisi akachukua birika akaanza kumimina chai. Nilimfahamu. Kila alipofikiri habari ya ndege na Jamila, mawazo yake yalirudi mwaka ule wa elfu mbili na mbili.

Ninyi mliokuwa wadogo, sikieni. Mji ulikuwa umefungwa. Waasi ndani, wapiganaji wa Mai-Mai pembeni, treni imekufa, mtoni risasi. Shambani hakuendeki. Kassim, mume wa Mwanahamisi, alikwenda kuchimba mihogo yake mwenyewe na hakurudi. Tulikula sombe bila mafuta, bila chumvi, na siku nyingine hata sombe ilikuwa ya kuombana. Njia ya kutoka ilikuwa juu tu, kwa ndege za mizigo, na kupanda kulitaka kujuana na mtu. Mwanahamisi alipata nafasi, yeye na Jamila, waende Goma kwa wifi yake. Wakafika mpaka mlango wa ndege. Pale wakaambiwa uzito umepita, mtu mzima hapandi tena. Ndege ilikuwa inanguruma. Ndani, juu ya magunia, mama mmoja asiyemjua akanyoosha mikono, akasema, "Nipe mutoto. Atakaa juu ya mapaja yangu. Nitamufikisha." Mwanahamisi akampa. Akamtajia jina la wifi, mlango ukafungwa.

Jamila alifika Goma, akakulia huko, akasoma huko. Yule mama, Mwanahamisi hakumjua jina. Miaka yote hii, akisali, alimwombea kwa kumwita "mama wa mapaja".

Basi wakati Hamadi anatafuta tena njia ya Kigali, akaingia mzee Matata. Huyu alikuwa mpakizi wa mizigo uwanja wa ndege wakati wa vita, sasa magoti yamekataa. Naye alikuwa amesikia transfert. Alivuka mto kwa mtumbwi, akapanda huku kwetu na fimbo, ameshika papai chini ya kwapa.

"Niliona nikuage ungali unasikia," alimwambia Mwanahamisi.

Tukacheka tena, tukamweleza yote, meli, Durban, kampuni. Akacheka na yeye, akapewa kiti na chai. Halafu akasema, "Kumbe ni yule mutoto wa siku ile! Yule alikwenda na Espérance."

Mwanahamisi akaweka birika chini. "Nani Espérance?"

"Si yule mama alimukamata juu ya mapaja? Espérance wa Obokote, muuza liputa. Ameoa... hapana, ameolewa na ndugu ya bibi yangu. Weye haukujua?"

"Sikujua jina lake mpaka leo, baba."

"Basi haukujua hata ile ingine." Matata akanywa chai kwanza, wazee hawa wanajua kututesa. "Ndege ile haikwenda Goma mara moja. Mawingu yaliifukuza, ikashuka Lubutu. Espérance alikuwa hapo karibu na kwao. Alipanda kwa sababu alijua ndege za njia ile zinashukaka kule, yeye alitaka kurudi Obokote tu, kwa watoto wake. Kila mutu akashuka, akatawanyika. Mupiloti akamwambia, mama, umefika kwenu, shuka. Yeye akabaki juu ya magunia. Mvua ilipokatika akaruka na mutoto wako mpaka Goma. Kurudi kwake Obokote kulimutesa sana, nusu kwa miguu."

Watu waliokuwa mlangoni wakajisogeza ndani. Mwanahamisi alikuwa amefunika mdomo kwa kitambaa cha kichwa.

"Yuko muzima?" akauliza.

"Muzima kabisa. Anagombana na wakwe zake kila juma, njo dawa yake."

Namba ilitafutwa, simu ikapigwa, ikakatika, ikapigwa tena. Hatimaye sauti nene ya kike ikaitika, nyuma yake kuku wanalia.

"Miye ni mama ya yule mutoto wa ndege," Mwanahamisi alisema, na maneno mengine yote aliyokuwa ameyaweka tangu vita yakamkimbia. "Asante. Mama, asante. Sikujua ulikuwa umefika kwenu. Sikujua."

"Oh, mama," Espérance akajibu. "Mutoto alikuwa amelala. Nimwamushe nimwambie nini? Na weye nilikwisha kukuambia nitamufikisha. Ameolewa?"

"Bado."

"Bado! Mwambie aharakishe, nataka bugali ya harusi."

Walizungumza mpaka simu ya Obokote ikazimika. Mwanahamisi akafuta uso, akasema, "Hamadi, kaka yangu, asante kwa taabu yako. Nachukua tiketi ya kampuni."

"Dada! Kampuni haiko Mama Espérance!"

"Najua. Espérance alisema kwa mdomo, na hao wameandika. Njia yako ni nzuri, lakini ina watu wanne, na kila mumoja ananishika mpaka mlango wake tu. Miye nataka yule anayesema, nitamufikisha."

Hamadi alinuna kwa muda wa kula kipande cha papai. Lakini ni mtu mwema, na kichwa chake kinafanya kazi. "Kampuni inaanza Kinshasa," alisema. "Kindu haiijui. Kama ndege ya hapa inakuchelewesha, wao hawamo. Basi utoke hapa mapema, mapema sana, ukalale kwa shemeji yetu Kinshasa. Kile kipande njo changu."

Hapo tukampigia makofi, na kwa mara ya kwanza hakututajia Kampala.

Nusu ya mtaa tulimsindikiza. Mitumbwi ya kuvuka ilijaa sisi tu, na Ayoubu upande wa pili alibeba sanduku juu ya pikipiki akipiga honi kama ni harusi. Ndege ya Kindu, niwaambie, haikuja siku yake, wala siku ya pili. Lakini kwa kuwa Hamadi alikuwa ameacha nafasi, Mwanahamisi alifika Kinshasa bado ana siku za kukaa na kuchoka na wali wa shemeji.

Halafu siku ya meli, kimya. Simu yake haikupatikana asubuhi, haikupatikana mchana. Nyumba yake nilikuwa na ufunguo, nikafungua, na watu wakaja kuketi kama kawaida. Jioni ikafika. Saa ya meli ikapita. Hamadi alizunguka uani akisema, "Nilisema! Miye nilisema!" mpaka nikamwambia akate kuni kama ana nguvu nyingi hivyo.

Kesho yake simu ikalia. Mwanahamisi. Ndege ya Kinshasa ilikuwa imeharibika, mafundi wakalala ndani ya tumbo lake, na alipofika Durban meli ilikuwa imekwenda. Alisimama pale uwanja wa ndege na sanduku lake, hajui Kiingereza hata cha kuomba maji. Ndipo akaona msichana ameshika kibao kimeandikwa jina lake lote, mpaka jina la baba. Akapelekwa hoteli, akalishwa, na alfajiri akapandishwa ndege nyingine mpaka Cape Town, aingoje meli ifike. Hakuulizwa kitu. Walimwambia tu, kwa Kifaransa cha kubahatisha, "Mama, sisi kufikisha."

Yaliyofuata alitusimulia akiwa mezani melini, Jamila ameshika simu tuwaone wote wawili, na sisi huku tumebanana mbele ya kioo kidogo, Hamadi akilia wazi bila haya.

Alipanda ile ngazi ndefu ya meli, mbele yake watalii, nyuma yake watalii. Juu mlangoni wafanyakazi wamejipanga na nguo nyeupe, wameshika sinia, wanagawa vitambaa vya baridi vya kufuta uso, kila mgeni anapewa na kuambiwa karibu kwa Kiingereza. Jamila alikuwa wa mwisho katika mstari ule. Alimpa mzungu mmoja, akampa mwingine, akainua macho aseme lile neno lake la Kiingereza, na likatoka la kwetu.

"Mama," akasema, "umefika?"

"Nimefika, mama yangu."

Mstari ukasimama mpaka chini. Mwanahamisi alitaka kusogea awapishe watu, lakini mkubwa wa Jamila, mwanaume mnene wa Ufilipino, akaichukua ile sinia mikononi mwa Jamila na kuanza kugawa vitambaa yeye mwenyewe.