Mama Aliyeni…

Diski ilikuja na basi la asubuhi kutoka Handeni, imefungwa kwenye kipande cha kanga. Aliyeituma ni Mashavu, mke mwenzangu. Jana yake alinipigia simu akiwa na habari ambayo haikuweza kusubiri.

"Mwanao ameshinda chemsha bongo ya shule kwenye TV. Halafu akamshukuru mama."

"Mama yupi?"

"Jionee mwenyewe. Nimerekodi. Si unajua nina mashine?"

Najua. Tangu Mhina, mume wetu, amnunulie ile deki ya kurekodi, sijapata kuzungumza naye simu moja bila kutajiwa. Unaweka diski tupu, unaitegea saa, nayo inachukua kipindi hata kama wewe hupo nyumbani. Mhina aliipeleka kwa mke mkubwa kwanza, akaniambia, "Tuone kama inafaa, kisha na wewe nitakununulia." Mimi nina stashahada ya ununuzi na ugavi. Kifaa cha majaribio hupelekwa kwa mtu anayejua kujaribu.

Ikram ni binti yangu. Nilimzaa mimi, na nilimpeleka Handeni mimi mwenyewe, kwa sababu shule ya kule ina walimu wa sayansi. Kwa hiyo uji wa asubuhi anapikiwa na Mashavu, na mafua yake anayajua Mashavu. Jioni aliyotokea kwenye TV, huku kwangu Korogwe kote hakukuwa na umeme.

Nikaweka diski kwenye deki yangu ya kawaida. Ikazunguka, ikakoroma, ikaandika kwamba hakuna diski. Nikaitoa, nikaifuta kwa upindo wa gauni, nikairudisha. Hakuna diski.

Jirani yangu Janeth alikuwa ameshika kikombe chake cha chai. "Dada, hiyo imetoka Handeni. Mwenzio kaifunga kwa uganga."

"Acha ujinga."

"Natania. Ila ningekuwa mimi ningeifukiza kwanza."

Sikucheka. Nilijua Mashavu amefanya nini: amenitumia diski tupu ili nibaki na swali lile kifuani. Nikachomoa deki yangu, nikaitia kwenye kapu pamoja na diski yake, nikapanda basi.

Nilimkuta anapepeta mchele barazani.

"Shikamoo, dada."

Aliweka ungo chini. "Marahaba. Karibu. Umekuja kutuona sisi au mashine?"

"Mashine. Mhina alisema tuone kama inafaa, nimekuja kuikagua."

"Na hilo kapu?"

"Ushahidi."

Ikram hakuwepo. Alikuwa Tanga na walimu wake, wakijiandaa kwa fainali. Mashine ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilikifunua huku nikiomba iwe takataka.

Haikuwa takataka. Nilirekodi kipande cha taarifa ya habari, nikakirudisha, nikakitazama. Msomaji alikuwa safi mpaka vifungo vya koti. Nikaiamuru ijaze saa nyingi kwenye diski moja. Hapo nyuso zikawa vibongevibonge kama uji uliokorogwa vibaya, na mimi nikapata faraja. Nilipoirudisha kwenye saa chache, picha ikawa safi tena. Iliniuma.

"Vipi, msomi?"

"Rimoti ina vitufe vingi mno."

"Ndiyo kasoro hiyo?"

Nikampa diski yake. Aliiweka, na jina la kipindi likatokea pale pale. Haikuwa tupu. Nikaomba kitabu cha maelekezo. Kilikuwa bado kwenye nailoni yake, cha Kiingereza. Nikakaa mkekani, nikasoma.

"Hukuifunga," nikasema.

"Nifunge nini?"

"Diski. Ukimaliza kurekodi unaiamuru mashine iifunge. Usipofanya hivyo itaonekana hapa tu, deki nyingine haiioni."

Mashavu alipiga makofi. "Mke mwenzangu, mimi ni Mzigua wa Handeni. Ndiyo mara ya kwanza nalaumiwa kwa kutofunga!"

Nilicheka kabla sijajizuia. Halafu nikakasirika, maana nilikuwa nimebeba shutuma toka Korogwe na sasa sikuwa na pa kuitua.

"Washa," nikasema.

Ikram alitokea akiwa na ushungi mweupe, na sauti niliyoisikia mara ya mwisho wakati wa likizo. Alijibu swali la moyo wa chura. Alijibu la umeme. Mtangazaji akamsogezea kipaza sauti.

"Kwanza namshukuru Mungu. Nawashukuru walimu wangu. Na kuliko wote, namshukuru mama aliyeni—"

Kioo kikawa cheusi.

"Iko wapi iliyobaki?"

Mashavu alianza kukunja kitambaa cha kufuma. "Hakuna. Mpira ulichelewa kuisha, kipindi kikachelewa kuanza. Saa niliyoitegea ikafika, mashine ikazima. Mimi nilikuwa msibani."

"Kwa hiyo hata wewe hukusikia!"

"Nimesikia mama. Mama aliyenilea."

"Aliyenizaa."

"Nani anamshukuru mtu kwa kumzaa? Hata mbuzi anazaa."

"Na hata yaya analea."

Nikachukua rimoti, nikarudisha nyuma, nikatafuta kitufe cha kupunguza mwendo. Midomo ya Ikram ikafunguka taratibu.

"Simamisha hapo!" Mashavu alipiga magoti mbele ya kioo. "Umeuona ulimi? Hiyo ni *le*."

"Hayo ni meno. Meno ni *za*."

"Toka lini wewe ukawa daktari wa meno?"

Nikasogea, nikapiga magoti kando yake. Picha ilisimama imara, haikutetemeka kama kwenye deki yangu. Hata katika hilo ilikuwa nzuri, mashine ile. Tuliirudisha mpaka mdomo wa mwanangu ukawa kama wa mtu nisiyemfahamu.

"Basi mpigie mwalimu wake, umuulize mtoto," Mashavu akasema.

"Mpigie wewe."

"Sina salio."

"Hata mimi."

Simu yangu ilikuwa na salio. Na ya kwake, nadhani. Lakini Ikram tunamjua wote wawili. Angejibu "nyote, mama", kwa adabu, na jibu hilo hapo ndani hakuna aliyelitaka.

Nikafanya kilichobaki kufanyika. Nikaiamuru mashine iifunge ile diski, nikatoa deki yangu kapuni, nikaiunganisha na mashine kwa waya. Nikaihamishia diski humo, na safari hii deki yangu iliisoma. Mashavu akatia diski mpya kwenye mashine ili inakili, kila mmoja abaki na yake. Tukakaa tukimtazama Ikram akishinda tena.

"…namshukuru mama aliyeni—"

"Lea," akasema Mashavu.

"Zaa," nikasema mimi, kwa pamoja naye.

Lakini mashine inachukua kinachopita kwenye waya tu. Sauti za chumbani haizisikii.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Mhina, niliyemuaga kwa simu kabla ya kupanda basi.

"Vipi, umeikagua? Inafaa?"

"Inafaa. Ninunulie kabla ya fainali."

"Haraka ya nini? Mashavu si atarekodi?"

"Mashavu anategea saa kwa kubana."

"Mwambie fainali naongeza saa nzima mbele!" Mashavu akapaza sauti ili asikike mpaka huko.

"Na mimi naongeza mbili," nikasema, nikakata simu, nikaanza kukunja waya zangu.