Pumzi ya Usingizini

Akiwa macho, Shekina alipumua kama mtoto mwingine yeyote. Akilala, pumzi ilikatika na midomo yake ikawa ya buluu. Hospitali ya kampuni ilikuwa imewapa mashine ya kupumulia, kwa sababu baba yake, Symphorien, alifanya kazi katika kiwanda cha kobalti hapo Likasi, na mtoto wa mfanyakazi hutunzwa na kampuni.

Jumapili moja, baada ya misa, ndugu za Viviane, mke wa Symphorien, walifika kutoka Kambove. Aliyesema ni Barnabé, kaka mkubwa.

"Shemeki, unakuyaka ku nyumba na mavumbi ya kazi ku manguo, kiisha unabeba mutoto. Unashangaa nini?"

"Miye naoga kule kule kazini."

"Unaoga ngozi. Mapafu unaoga na nini?"

Watu walicheka, hata Symphorien kidogo. Barnabé aliacha kucheka mapema. "Ukibakia kule, dada yetu anarudia Kambove. Na mutoto wake."

Symphorien aliacha kazi wiki hiyohiyo. Hakuburutwa na mtu. Alikuwa ameanza kuziogopa nguo zake mwenyewe.

Baadaye majibu ya damu ya Shekina, iliyokuwa imepelekwa kupimwa, yalirudi kutoka Ubelgiji. Daktari Eugénie wa hospitali ya kampuni aliwachorea wazazi kichwa cha mtoto, akaweka nukta pale ubongo unapokutana na shingo.

"Hapa, katika shina la ubongo, kuna seli zinazoonja damu. Hewa chafu ikizidi, zinaamuru mwili upumue. Mtoto akiwa tumboni, jeni moja huziongoza seli changa zije kufanya kazi hiyo. Kwa Shekina jeni hiyo ina kasoro, na seli hazikujengeka."

"Ni mavumbi?" aliuliza Symphorien.

"Hapana. Ugonjwa huu uko hata kwa watu ambao hawajawahi kuona kobalti. Jeni zenu ninyi wawili ni nzima. Kasoro ilianza kwake mwenyewe." Akaweka kalamu chini. "Na hata yangekuwa mavumbi, papa, kuacha kazi leo kusingezijenga seli zile."

Viviane aliuliza habari ya mashine, kwa kuwa Symphorien hakuwa tena mfanyakazi wa kampuni.

"Nimewaombea kwa kampuni. Wanawaachia mpaka mwisho wa mwezi."

Symphorien alirudi kwenye lango la kiwanda kuomba kazi yake. Mkuu wake wa zamani alimpokea kwa upole. "Papa Shekina, place yako ya kazi iko na muntu mungine."

Siku moja baada ya mashine kuchukuliwa, Barnabé alikuja na kuku wawili na mfuko wa unga. Alibaki mlangoni.

"Tulitaka muzuri, dada."

Viviane hakuwa amelala tangu asubuhi ya jana. Alimwekea mtoto mikononi.

"Ikala chini. Akifunga macho, angalia kifua. Kikisimama, mulamushe apumue."

"Mpaka saa ngapi?"

"Hakuna saa," alisema, akajilaza sakafuni, akageukia ukuta.